Kabla Hujatuma Hela ya Kijitu Chenye Masharubu

Haya wadogo zangu, sogeeni. Wale mliozoea kuja hapa kwa habari za wachumba na mawifi msifunue ukurasa mwingine, maana ninalotaka kusema leo nalo ni la mapenzi, tena mapenzi yale ya kumtoa mtu akili saa sita za usiku, simu mkononi na salio la kutosha.

Nasema vitabu. Kuna kundi kati yenu lililonogewa na vitabu vilivyotiwa sahihi na waandishi wa vichekesho, na si sahihi tupu, bali sahihi iliyoambatana na mchoro. Yaani yule mwandishi ambaye pia anajua kuchora, ukimfikishia kitabu chake anafungua ile karatasi tupu ya mwanzoni, anaandika jina lako, kisha pembeni anakuchorea mbwa, au kijitu chenye pua ndefu, au sura yake mwenyewe. Nawaelewa kabisa. Kitabu kimechapwa nakala maelfu, lakini mchoro huo uko mmoja tu duniani. Jina mtu anaweza kuliandika huku anaongea na jirani yake, ila mchoro unamlazimu atulie. Ile nusu dakika aliyotulia ni yako, hakuna wa kukunyang'anya.

Hakuna ubaya kupenda hilo. Ubaya unaanza pale mtu anapoupenda mchoro kabla hajamjua mchoraji. Hapo ndipo mnapoliwa hela zenu, mdogo mmoja baada ya mwingine, halafu mnaona aibu kusema. Na mkinyamaza, anayefaidi ni tapeli.

Tuanze na Kurt Vonnegut, maana ndiye ninayeulizwa zaidi. Huyu bwana alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1922, akafariki Aprili 2007. Mwaka 1973 alitoa riwaya iitwayo *Breakfast of Champions*, na humo ndani akajaza michoro yake mwenyewe ya kalamu nene, ya kitoto makusudi, huku akiicheka nchi yake. Tangu hapo akazoea, anapotia sahihi, kuchora na sura yake ya upande: nywele za mawimbi, jicho lililochoka, masharubu mazito, na mara nyingi sigara mdomoni. Jina na uso vikawa vinakwenda pamoja. Ni mchoro wa kupendeza mno. Ukiutazama unacheka, na ukijua kwamba mtu huyu akiwa kijana alikuwa mateka wa vita mjini Dresden wakati mji ule ulipopigwa mabomu mwaka 1945, kicheko chako kinapata uzito kidogo.

Sasa sikiliza. Mchoro huo ni mistari michache tu. Kinachotoka upesi kwa mkono wa mwenyewe, tapeli naye anaweza kukifanyia mazoezi jikoni kwake hadi akizoee. Halafu anakwenda kununua nakala ya bei rahisi ya kitabu chochote cha Vonnegut, anachora, anapiga picha, anaiweka mtandaoni. Wewe huku Mbagala au Kisauni unaona kijitu chenye masharubu, moyo unaruka. Muuzaji anakwambia kuna mwingine anakitaka, fanya haraka. Mdogo wangu, maneno haya unayajua! Ni ndugu wa ule ujumbe unaotumwa kila siku wa "ile hela itume kwenye namba hii". Ule unaufuta bila hata kuusoma ukaisha. Huu wa kitabu unauamini kwa sababu umeandikwa kwa Kiingereza kizuri na una picha?

Haraka haraka haina baraka, na kwenye vitabu haraka ina hasara. Fanya kwanza hesabu ndogo isiyotaka utaalamu. Mwombe muuzaji picha ya ule ukurasa wenye habari za uchapaji, unaoonyesha kitabu kilichapwa lini na ni chapa ya ngapi. Theodor Geisel, yule mnayemjua kwa jina la Dr. Seuss, alifariki mwaka 1991. Shel Silverstein, aliyeandika na kuchora *The Giving Tree*, alifariki 1999. Spike Milligan, mcheshi aliyewachekesha watoto na watu wazima wa Uingereza kwa mashairi na vibonzo vyake, 2002. Nakala iliyochapwa baada ya miaka hiyo haiwezi kuwa na mkono wao, hata muuzaji aape kwa kichwa cha mamaye. Marehemu hashiki kalamu. Utashangaa ni wangapi wangeokoa hela zao kwa kutazama ukurasa huo mmoja.

Lakini hesabu ya tarehe ni mlango wa nje tu. Ulinzi wenyewe ni kumjua mtu, na hapa nataka nikae kidogo na James Thurber, maana kwangu yeye ndiye mfano bora kuliko wote.

Thurber alizaliwa Columbus, Ohio, mwaka 1894. Akiwa mtoto mdogo, katika michezo ya upinde na mshale, kaka yake alimpiga kwa mshale kwenye jicho. Jicho likapotea, na lile lililobaki likawa linafifia kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Alipoingia kwenye jarida la *The New Yorker* mwaka 1927 aliingia kama mhariri, si mchoraji. Kuchora kwake kulikuwa mazoea tu: anachora kwa penseli kwenye karatasi za ofisi, anazitupa. Mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja, E. B. White, ndiye aliyeziokota, akapitisha wino juu ya ile penseli na kuzipeleka kwa wahariri, nao wahariri wakashangaa wanaletewa mzaha gani. Mwaka 1929 wawili hao wakatoa kitabu pamoja, *Is Sex Necessary?*, na jina lake lisiwatishe, ndani ni utani mtupu wa kuwacheka wataalamu wa mambo ya mapenzi. Michoro ikawa ya Thurber. Baada ya hapo jarida nalo likaanza kumtaka.

Mbwa wa Thurber ukimwona mara moja humsahau. Mwili mzito, masikio yamening'inia, uso wa mtu aliyesikitishwa na binadamu lakini amewasamehe. Wanawake wake wakubwa wenye amri, wanaume wake wadogo wenye hofu. Uko mchoro wake mmoja maarufu ambao mume na mke wako kitandani, mke anamgombeza mume anayedai amesikia sili akibweka, na sili mwenyewe yule, mnyama wa baharini, yuko juu ya ubao wa kichwani mwa kitanda anaangalia pembeni. Thurber alisimulia kwamba alikusudia kumchora sili juu ya mwamba. Mwamba ukatoka vibaya, ukafanana zaidi na ubao wa kitanda. Basi akaufanya kitanda, akaweka na watu ndani. Mwaka 1932 mchoro huo ukaupa jina mkusanyo wake mzima, *The Seal in the Bedroom*.

Mnaona ninakokwenda? Macho yake yaliendelea kufifia. Miaka ya 1940 alikuwa akivaa lenzi za kukuzia na kuchora kwenye makaratasi makubwa kwa krayoni nyeusi, ili angalau aone alichofanya. Kitabu chake cha *The 13 Clocks* kilichotoka 1950 kina picha za mtu mwingine, Marc Simont, kwa sababu mwenyewe hakuweza tena. Mwaka 1951 alijichora kwa ajili ya jalada la jarida la *Time*, na kufikia hapo kuchora kwake kulikuwa kumefika mwisho. Alifariki 1961. Miaka kumi nzima aliandika bila kuchora.

Kwa hiyo ukiletewa *The Years with Ross*, kitabu alichokitoa mwaka 1959 kuhusu mhariri wake wa zamani, na kwenye karatasi ya mwanzoni kuna mbwa mzuri aliyechorwa kwa kalamu nyembamba, masikio yamepangika, mistari myororo, jina limekaa sawasawa chini yake, utafanya nini? Asiyemjua Thurber atalipa, tena atashukuru. Wewe uliyesoma habari zake utakaa kimya kidogo, kisha utauliza: mzee huyu alimwonaje mbwa huyu? Swali hilo halifundishwi na duka lolote. Linatoka kwenye kusoma. Ndiyo maana nawaambia, na nitarudia hadi mnichoke: soma kwanza, nunua baadaye. Mpenzi wa kitabu si rahisi kudanganywa kuhusu mwenye kitabu.

Haya, tuseme umemsoma mwandishi wako na tarehe zinakubali. Tazama sasa mstari wenyewe. Mkono wa mwenyewe una mwendo: unaanza kwa nguvu, unapinda bila kusita, unaishia kwa ncha iliyochomoka. Mstari wa kuiga unatembea kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Kila anaposimama kufikiri, wino unaacha kidoa. Uliza picha iliyopigwa karibu, yenye mwanga wa kutoka ubavuni. Geuza na upande wa pili wa karatasi: kalamu halisi mara nyingi huacha alama, ama ya mbonyeo ama ya wino uliopenya. Karatasi ikiwa laini tupu nyuma, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia unaona vitone vidogo vidogo vimepangana, huo ni uchapaji. Sahihi na mchoro vilichapwa pamoja na kitabu, na nakala zote ziko vivyo hivyo. Muuzaji anaweza hata asiwe mwongo. Huenda naye hajui. Lakini hela ni yako.

Na msidhani duka kubwa linaondoa hofu yote. Mwaka 2022 wachapishaji Simon & Schuster waliuza nakala 900 za kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan kwa dola 599 kila moja, kwa maelezo kwamba zimetiwa sahihi kwa mkono. Wanunuzi walipolinganisha picha zao mtandaoni, sahihi zikaonekana zinafanana kupita kiasi. Kumbe ni mashine. Kampuni ikaomba radhi na kurudisha fedha, Dylan naye akaomba radhi. Dylan si mwandishi wa vichekesho, ingawa mwaka ule alituchekesha. Nalitaja hilo kwa sababu waliogundua ni wanunuzi wenyewe, kwa kulinganisha tu, kila mmoja na nakala yake. Kwa hiyo mkiwa na wenzenu wenye wazimu huu, onyeshaneni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa nimgeukie mmoja wenu aliyeniuliza kwa sauti ya chini kama ni vibaya kutoa fedha za vikoba kwa ajili ya kitabu cha aina hii, atarudisha mwisho wa mwezi. Ndiyo, ni vibaya. Nakupenda, lakini ni vibaya. Fedha za vikoba ni za kina mama waliokaa kwenye jamvi moja na wewe, nazo zina kazi zake. Na wewe unayempiga chenga mwenzio nyumbani, kifurushi kinafika ofisini, kinaingia kwenye droo, bei inakatwa nusu ukiulizwa: kinachokuumiza hapo si kitabu, ni kile kijasho kila simu ya msafirishaji inapolia. Mwambie. Mwonyeshe mchoro. Mara nyingi anayekasirika anakasirishwa na kufichwa, si na mbwa wa Thurber. Akicheka umepata mshirika, asipocheka angalau unalala.

Tena mniondolee hili neno "uwekezaji". Nalisikia kila mahali, ni kisingizio tu cha tamaa iliyovaa tai. Ni kweli michoro ya watu hawa huuzwa kwa bei kubwa huko Marekani na Ulaya. Lakini wewe uko hapa, mnunuzi yuko kule, katikati kuna posta, ushuru, na mtu wa mnada atakayetaka kujua kitabu kilitoka wapi na kwa nani. Huna karatasi hata moja ya kumwonyesha. Nunua kile ambacho hata kisipopata mnunuzi maisha yako yote, bado utakifungua Jumapili jioni ukacheka. Bei ikipanda, shukuru Mungu. Isipopanda, hukuwa umeitegemea.

Halafu kwa nini mnaanzia mbali? Hili ndilo linaloniuma. Mnahangaika na marehemu wa ng'ambo wakati walio hai mnapishana nao barabarani. Gado, yaani mchora katuni Godfrey Mwampembwa, ni mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1969. Alivuka mpaka akaingia *Daily Nation* ya Nairobi mwaka 1992 na kuwafanya marais wa ukanda huu wakose usingizi. Kitabu chake cha katuni *Abunuwasi* kilitolewa na Sasa Sema, Nairobi, mwaka 1996, kwa Kiswahili, visa vile vile tulivyosimuliwa na bibi zetu, sasa vina miguu na macho yanayokodoka. Mchora katuni Masoud Kipanya yupo. Wapo vijana wengine wanaochora kila siku magazetini na ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kitabu chao kina thamani ya kutunzwa. Nenda kwenye uzinduzi. Nenda kwenye maonyesho ya vitabu. Mchoro uliochorwa mbele ya macho yako hauhitaji kioo cha kukuzia wala cheti cha mtu.

Na vile vya zamani, ambavyo mchoraji wake hayupo tena au hapatikani, vipo kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wa Posta hapa Dar na wale wa Nairobi wanaotandaza chini vitabu hadi watu wakawaita duka la inama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo utainama kweli, jua la saa nane likikuchoma kisogo. Ukibahatika unaweza kukutana na toleo la *Joe*, jarida la vichekesho alilolianzisha Terry Hirst pamoja na Hilary Ng'weno mjini Nairobi mwaka 1973. Kila kitabu cha mcheshi unachookota, fungua karatasi za mwanzoni kabla hujauliza bei. Na ukikuta kitu, usipige kelele, jamani! Weka uso wa mtu anayetafuta kitabu cha hesabu cha darasa la sita.

Ukimfikia mchoraji aliye hai, kuna adabu zake. Nunua kitabu pale pale, usimletee nakala ulizokusanya kwenye mfuko wa rambo ukataka asaini zote huku watu ishirini wako nyuma yako. Mfano mzuri ni Angoulême, mji wa Ufaransa ulioanza kufanya tamasha la vitabu vya katuni Januari 1974. Kule ni mila: unanunua kitabu, unapanga foleni, mwandishi anakuchorea bure. Watu husimama saa nyingi, na kwa wachoraji mashuhuri mara nyingine hupigwa kura nani aingie. Kwa sababu wapo wanaotoka pale na kwenda kuuza mchoro siku ile ile, wachoraji wengi wamejifunza kuandika jina la mtu juu ya mchoro, tena kwa herufi kubwa. Wauzaji watakwambia jina linashusha bei. Lishushe! Mwache aandike jina lako, na andika wewe mwenyewe kwanza kwenye kikaratasi umpe, ili asikosee herufi. Usimwamrishe achore nini. Ukimwambia "nichoree rais fulani akianguka" unamtia matatani kwa ajili ya sebule yako. Mwambie kisa gani kwenye kitabu kilikuchekesha. Mchoraji akisikia umesoma, mkono wake hubadilika, na mara nyingi utapata zaidi ya ulichoomba.

Amemaliza, anakurudishia. Usifunge kitabu! Nakuona unavyotaka kukifunga kwa furaha upate kupiga naye picha. Maka peni kwenye karatasi inayong'aa haikauki upesi, na ukifunga tu, kijitu chako kinapata pacha kwenye ukurasa wa pili, amegeuka kushoto kulia, nusu ya uso imepakaa, na yule wa asili amepauka upande mmoja. Kishike wazi mkononi, pepea kidogo, weka karatasi safi katikati ndipo ufunge. Ukifika nyumbani chukua penseli, si kalamu, uandike nyuma tarehe, mahali na tukio. Risiti na ile picha mliyopiga viweke pamoja na kitabu, ila visikae ndani ya kurasa.

Utunzaji sasa, na hapa nitakuwa mkali. Mmoja wenu, na najua hakuwa na nia mbaya, aliuchana ukurasa wenye mchoro, akaupeleka steshenari, akaufanyia laminesheni ili usichafuke. Nilipoisoma barua yake niliiweka mezani nikaenda kunywa maji. Kitabu kimekufa, na mchoro umenaswa ndani ya plastiki iliyoyeyushwa kwa moto juu yake, haitoki tena. Mwanakwetu, tumelelewa hivyo, vyeti vyetu vyote vya shule tumevifanya hivyo, kwa hiyo sikulaumu sana. Ila wengine mliosikia, mkome hapo. Usichane, usikate ili utie kwenye fremu, usibandike selotepu hata kama karatasi imechanika, maana gundi yake hugeuka manjano na kuingia ndani. Wala usikivalishe gazeti tulivyozoea kuvalisha madaftari. Wino wa gazeti huhamia kwenye jalada.

Akiba haiozi, wanasema wazee, lakini karatasi ya pwani huoza vizuri sana. Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, kote huko masika yakishuka, ukungu unaingia kabatini bila hodi. Usifunge kitabu kwenye nailoni ukidhani unakilinda, unakifungia unyevu ndani. Kisimamishe wima, mbali na ukuta wa nje, mbali na dirisha, maana jua nalo hunyonya rangi ya maka peni hadi mbwa akabaki kivuli. Fungua kabati kila wiki, toa vumbi, tazama mende na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukiwasha taa, kwani vinapenda gundi ya mgongo wa kitabu kuliko sisi tunavyopenda vitumbua. Ukiona njia ya mchwa ukutani usisubiri kesho.

Nimemaliza, imebaki moja tu, nayo ni kwa wale ambao tayari wameliwa. Mko wengi kuliko mnavyodhani, na si wajinga. Aliyedanganywa kwa kitu anachokipenda amepatwa na la watu. Kama umelipa kupitia mtandao wa mauzo unaolinda mnunuzi, lalamika mapema, weka picha, eleza kwa tarehe na hoja, usitukane. Usiporudishiwa, bado una kitabu. Kisome, kwani maneno ya Vonnegut hayakughushiwa. Kisha chukua penseli uandike mbele, chini ya kile kijitu, kwamba mchoro huu si wa mwandishi. Najua unachofikiria: kumwuzia mwingine ili angalau hela irudi, yeye naye ajijue. Usifanye. Ukimpasia mwenzio mzigo huo huku unajua, barua yake ndiyo nitakayoijibu, na wewe hapa kwangu hutapata wa kukutetea.